Siku Wapatanishi Walipokula

Febronia aliolewa na kutengwa katika mwaka uleule. Kuolewa kulikuwa na kengele, vigelegele na gauni la kuazima kwa masista wa misheni ya Ushirombo. Kutengwa hakukuwa na sauti yoyote. Mumewe, Mageni, alikuwa mchapakazi asiye na mfano na mtu mwenye hasira za karibu, na msimu ule wa palizi aligombana na mdogo wake Bujiku juu ya mpaka wa shamba la mtama, akamkata begani kwa shoka. Bujiku alipona, lakini mkono wake wa kushoto haukupanda tena kupita kifua, na mpaka anaingia uzeeni alikuwa akivalishwa shati kama mtoto.

Kesho yake walikuja wazee. Hawakuja na polisi wala na tarishi. Walikuja na vigoda vyao wenyewe, wakakaa uani. Mageni, akitaka kuwalainisha, alimwambia bibi harusi wake achinje kuku. Febronia alipika kwa nguvu zote za mke mpya anayetaka kusifiwa. Akaweka ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, na kuku mbele yao, akapiga magoti na maji ya kunawa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mchuzi ukapoa, mafuta yakaganda juu yake, nzi wakajikaribisha.

"Hatukuja kula," alisema mkubwa wao. "Tutakula kwako siku utakayokubali kosa. Mpaka siku hiyo, huna jirani."

Mageni akasema shamba ni lake na shoka ni lake. Wazee wakabeba vigoda vyao wakaenda zao.

Ilikuwa miaka ya vita kuu ya pili, na kiberiti kilikuwa kitu cha kusikia tu. Moto uliombwa kwa jirani, kaa moja juu ya kigae. Mvua ilipoingia jikoni na kuuzima moto wao, Febronia alikwenda nyumba ya pili na kigae chake, kwa mwanamke ambaye juzi yake tu walikuwa wakisukana nywele. Yule mwanamke alimwona anakuja. Akachota maji kwa kata, akaumwagia moto wake mwenyewe mbele ya macho ya Febronia, kisha akaingia ndani. Nyumba ya tatu ikawa vivyo hivyo. Wakaishi kwa michembe, viazi vile vilivyokatwakatwa na kuanikwa juani, wakiviloweka katika maji baridi na kuvitafuna kama panya. Siku moja ng'ombe wao alizama kwenye tope la bwawa. Mageni alipiga yowe mpaka sauti ikamkauka, na watu wakasimama mbali wakimtazama. Ng'ombe alikufa. Mageni, yule mkali, alikaa palepale kwenye tope akalia.

Akatoa fahali, ndio mchenya, faini ya mtu aliyewakosea wenzake. Wazee wakarudi na vigoda vyao. Safari hii Febronia alipika tena, na walipomega tonge la kwanza nusura apige kigelegele. Walikula mpaka mifupa. Bujiku alikula kwa mkono wake mzima, sahani moja na kaka yake. Walipomaliza wakanawa, na mambo yakaishia hapohapo. Mpaka Mageni anaingia kaburini, wale ndugu wawili hawakuinuliana sauti tena.

Mwingine angetoka hapo na uchungu. Febronia alitoka na imani. Aliliamini jambo hili kuliko alivyouamini moto wa toharani, na mapadre wamsamehe: kwamba hakuna mbishi duniani anayeweza kushindana na jirani aliyemnyima moto, na kwamba mpatanishi hali chakula cha mkosaji mpaka kosa liishe. Akila, limeisha. Ni imani nzuri. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa kweli mpaka pale yowe linapofika, na mbele ya hapo haikuwa na nguvu yoyote. Febronia hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Katika watoto aliowazaa alikaa mmoja tu, Justa. Wengine aliwazika wachanga. Justa alikua mrefu, mwenye maneno machache, mkaidi kimyakimya kama baba yake alivyokuwa mkaidi kwa kelele. Akampenda mgeni. Stanslaus alitoka Burundi, upande wa Muyinga, akaja misheni kujifunza ukatekista, kisha akarudi kwao kuwa mwalimu wa shule. Alikuwa na tabia ya kuomba radhi kabla hajakosa, na Febronia alimpendea hilo. Ng'ombe wa mahari wakaletwa, Justa akavuka mpaka. Mageni alifariki baada ya hapo, na Febronia akabaki na kazi yake ya misheni: kufua na kupiga pasi kanzu za misa na vitambaa vya altare, kwa pasi ya mkaa iliyomchosha mkono kuliko jembe.

Mwezi wa tano mwaka 1972, Justa alishuka kutoka kwenye lori la mbao lililotokea Biharamulo, mtoto mgongoni, mguu mmoja umevimba. Mtoto alikuwa Melania, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Febronia alimwogesha binti yake kama alivyomwogesha utotoni, akamkanda mguu kwa maji ya moto, na hapo ndipo maneno yalipotoka, moja moja. Malori ya askari yalikuja shuleni. Majina yalisomwa. Waliosomwa walipanda, na malori yakarudi matupu kuchukua wengine. Stanslaus hakusomwa. Alimwambia mkewe aende kwa mama yake, yeye atabaki, kwa sababu mwalimu akikimbia watasema alikuwa na la kukimbia.

"Wanagombania nini?" Febronia aliuliza.

"Sijui, Mama. Wanasema lugha moja. Wanalima mlima mmoja. Jumapili wanakaa benchi moja."

"Na majirani wako wapi?"

"Majirani ndio wanaosomwa, Mama. Na wengine ndio wanaosoma."

"Sisemi hao. Nasema nchi jirani. Nchi kubwa."

Justa aliinamia mguu wake uliovimba, akaanza kuukanda mwenyewe.

Padre Henriki, Mholanzi mrefu mwenye magoti mabovu, alikuwa na redio barazani, na chumba cha kupigia pasi kilikuwa na dirisha lililotazama baraza hiyo. Zamani Febronia hakujali redio. Kwake ilikuwa sauti ya mtu asiye na adabu, anayezungumza bila kusalimia. Sasa kila alipofika kazini alianza nayo.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele na milele amina, Mama Justa."

"Redio inasemaje kuhusu Burundi?"

"Inasema balozi mmoja amekwenda serikalini kwao kueleza masikitiko."

"Kisha?"

"Kisha akarudi ofisini kwake."

Siku nyingine redio ikasema mataifa yanafuatilia kwa karibu. Siku nyingine ikasema wakubwa wa Afrika wamekutana mbali huko, na wengi wao wanaona ni jambo la ndani la nchi ile. Febronia alisimamisha pasi.

"Jambo la ndani maana yake nini, Padre?"

"Kwamba ni lao wenyewe, nyumbani kwao. Mwingine asiingilie."

"Hata la mume wangu lilikuwa la nyumbani. Shoka letu, bega letu. Mbona watu waliingia?"

Padre hakujua ni shoka lipi wala bega la nani. Alidhani mama wa watu amechanganyikiwa kwa huzuni, na kwa upole akapunguza sauti ya redio. Febronia hakukubali kupunguziwa.

"Hizo nchi kubwa zinazosikitika, zina nini mkononi ambacho hao watu wanakihitaji?"

"Zinanunua kahawa yao. Serikali ile inaishi kwa kahawa."

"Basi wasinunue!"

"Wapo waliosema hivyo. Mimi mwenyewe nimeandika kwetu Uholanzi. Nimewaandikia maaskofu."

"Wakasemaje?"

"Kwamba wanatuombea."

"Na kahawa?"

"Bado wananunua, Mama Justa."

Padre alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikosa pa kwenda. Aliyatazama magoti yake kana kwamba yeye ndiye aliyekataa. Lakini Febronia alirudi nyumbani siku hiyo anatembea haraka kuliko alivyokuja. Hakusikia kwamba bado wananunua. Alisikia kwamba wana moto wa kuwanyima. Kumbe wanao! Basi ni suala la kungoja tu wauzime, na wenye kiburi watakaa kwenye tope kama Mageni, watalia, watatoa fahali. Alimweleza Justa hayo yote huku akichambua mchicha. Justa alimsikiliza mama yake kwa heshima, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Mvua zikawa zimekatika kitambo na pamba imeanza kubebwa kwenda kuuzwa, ndipo siku moja Padre alipomwita kabla hajawasha mkaa.

"Leo kuna habari njema kidogo," alisema, maana naye alikuwa na kiu ya habari njema. "Wajumbe wakubwa kutoka nje wamefika kule. Wamezunguka, wamezungumza na serikali. Wanasema hali inatulia. Waliandaliwa dhifa."

"Dhifa ni nini?"

"Karamu. Chakula cha heshima."

Febronia akashika ukingo wa meza. "Walikula?"

"Nani?"

"Hao wajumbe. Chakula kilipowekwa mbele yao, walikula au walikiacha?"

Padre alicheka kidogo. "Walikula, Mama. Walikula na glasi wakanyanyua."

"Wote?"

"Nadhani wote."

Febronia alifanya ishara ya msalaba, akaanza kulia kwa sauti. Padre akadhani ni uchovu, akamwambia aende nyumbani apumzike. Miaka yote hiyo aliyokaa kwa Wasumbwa, Padre alijua kusalimia kwa lugha tatu, alijua nani amezaa na nani amefiwa, aliungamisha wazee waliowahi kutenga watu na kuwafungulia. Lakini hakuna aliyewahi kumweleza habari ya sahani. Nani angemweleza? Mtu haelezi kile anachodhani kila mtu anakijua.

Kiangazi kilipokolea akaja Felician, kaka yake Stanslaus, na jembe jipya limefungwa kwa kitambaa. Hivyo ndivyo mke aliyekimbilia kwao alivyofuatwa: mjumbe anakuja na jembe, na wenye binti wakilipokea wamekubali arudi. Jembe hupokewa na ukoo wa baba, na mkubwa wa ukoo sasa alikuwa Bujiku. Felician aliwaamkia wote, akala alichopewa, akasema lake. Stanslaus yu hai. Shule zinafunguliwa, na walimu wameitwa warudi kwenye vituo vyao. Waliokimbia warudi, asiye na kosa hataguswa. Wageni wakubwa wameona kwa macho yao. Stanslaus anaomba radhi kwa usumbufu wote, na anamtaka mke wake na mtoto wake.

Bujiku alilitazama jembe, akisugua bega lake.

"Shemeji," alimwambia Febronia, "mambo ya hapa ningeyajibu. Ya huko siyajui. Binti ni wako. Ukisema nilipokee, nitalipokea."

Febronia aliingia jikoni alikokuwa Justa. Justa alikuwa amesikia yote.

"Mama, usinirudishe."

"Mume wako yu hai, mwanangu."

"Leo yu hai."

"Wapatanishi wamekula. Nilimuuliza Padre mwenyewe. Wamekula wote."

"Mama, huko si hapa. Huko mtu anakula na wewe, na siku hiyohiyo anasoma jina lako."

"Ni woga unaosema hivyo. Wewe hukuwepo. Hujui kunyimwa moto kulivyo. Baba yako alikuwa mbishi kuliko serikali yoyote, na alishindwa."

Justa alichokoa majivu kwa kijiti. Kisha akasema, "Basi Melania abaki kwako."

Hapo Febronia aliyumba. Mtoto alikuwa uani, akiwafukuza kuku na kuanguka na kuinuka, na kila akiinuka alitazama mlangoni kama bibi yake amemwona. Moyo wa Febronia ulitaka kusema ndiyo. Lakini kupokea jembe na kuficha mtoto ni tusi. Ni kumwambia Stanslaus kwamba hatukuamini, wala hatuwaamini waliokupatanisheni. Na nyuma ya hilo lilikuwapo lingine, alilolikwepa: akimbakiza mtoto, atakuwa amekubali kwamba wale wajumbe wamekula bure. Ikiwa watu wakubwa kiasi kile wanaweza kula bure, basi hakuna kinachosimama popote. Hilo hakuliweza.

"Mtoto anamfuata mama yake," alisema.

"Nimekusikia, Mama," Justa akajibu.

Ndilo jibu la binti aliyelelewa vizuri. Baadaye Febronia angetoa kila alichokuwa nacho ili awe na binti aliyelelewa vibaya.

Bujiku akapokea jembe. Wakawasindikiza mpaka barabarani, wakangoja lori linaloelekea Biharamulo. Justa alipiga magoti akamwamkia mama yake, akapanda. Melania aliona raha kupanda gari. Alipiga makofi mpaka lori lilipokata kona.

Ilipita masika bila neno. Kisha, katikati ya mwaka 1973, redio ikaanza upya kusema habari za Burundi, na barabara ya Ushirombo ikajaa malori ya wakimbizi waliokuwa wakipelekwa kusini, kwenye makazi mapya kule Ulyankulu. Febronia aliacha pasi. Alisimama kando ya barabara tangu asubuhi, akitazama nyuso zilizojaa vumbi, akiuliza kwa Kisumbwa, akiuliza kwa Kiswahili. Watu wa malori walitikisa vichwa. Wengine walimnyooshea mikono wakidhani anauza chakula.

Mwishowe alipanda basi kwenda Kahama. Huko Nyasubi, sokoni, wakimbizi walikuwa wameanza kuuza mikeka, na katikati ya mikeka hiyo alimwona Felician. Naye alimwona. Aliinuka kama anayetaka kukimbia, halafu akakaa tena.

"Shikamoo, Mama," alisema, bila kuinua macho.

"Wako wapi?"

Felician alikunja mkeka, akaukunjua. "Stanslaus aliitwa mkutano wa walimu, mara tu shule zilipofunguliwa. Walikwenda na madaftari yao. Hawakurudi. Justa akakaa kwa mama yetu. Mwaka huu yalipoanza tena tukasema tukimbie. Tulikuwa wengi. Tulifika mtoni alfajiri. Mimi nilikuwa mbele, natafuta pa kuvukia. Nyuma walitokea askari."

"Na mtoto?"

"Alikuwa mgongoni kwa mama yake."

Mwanamke mmoja alikuja akauliza bei ya mkeka, akaona nyuso zao, akaondoka.

"Uliniletea jembe," Febronia alisema.

"Nililiamini, Mama. Wale wageni walifika mpaka kwetu. Tuliambiwa tufagie barabara na watoto waimbe. Walichinjiwa ng'ombe wa shule. Mimi ndiye niliyewapelekea maji ya kunawa."

"Walikula?"

"Walikula, Mama. Walikula wakashiba, wakatushukuru."

Febronia alikuwa amejiandaa kumlaani. Njia nzima kwenye basi alikuwa akiyapanga maneno. Akakuta hayapo. Angemlaanije mtu aliyekosea kosa lake lilelile, kwa sababu ileile?

Aliporudi Ushirombo alikwenda moja kwa moja misheni, na vumbi la safari mwilini. Padre Henriki alimwona usoni, akazima redio kabla hajaulizwa.

"Padre, uliniambia walikula."

"Nani, Mama Justa?"

"Wapatanishi. Uliniambia walikula wote. Nikamrudisha mwanangu."

Padre hakuelewa. Kisha Febronia akamweleza. Ya Mageni, ya wazee na vigoda vyao, ya kuku aliyeganda mafuta. Alieleza kama anavyoelezwa mtoto, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kitu ambacho hakikuhitaji kuelezwa. Alipofika mwisho Padre alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "kwao kula si neno. Ni heshima tu. Mabalozi wanakula kila mahali. Wanakula kwa mwema, wanakula kwa muuaji. Ndiyo kazi yao."

"Na waliponyanyuka mezani, walikuwa wamekubaliana nini?"

"Hakuna kitu. Hawana wanachoweza kuwafanya, Mama. Au wanacho na hawataki. Kutoka hapa siwezi kujua tofauti yake."

"Mimi pia siwezi," alisema Febronia, akaenda nyumbani kwake.

Alichota maji kwa kata, akaumwagia moto wake. Akayang'oa mafiga, yale mawe matatu, akayaviringisha mpaka nje ya uzio. Kuanzia siku hiyo hakupika. Aliishi kwa michembe iliyolowekwa, karanga mbichi, mapapai na maziwa ya kupewa, na hakuketi tena kula kwa mtu wala kumkaribisha mtu ale kwake. Alipozungumzishwa alijibu kwa adabu. Alipopita kwenye shamba la mwenzake analolima hakusema pole na kazi, kwa sababu mtu aliyetengwa hana haki ya kumpa mwenzake pole. Watu walisema huzuni imempanda kichwani. Operesheni ya vijiji ilipokuja, wakahamishwa wote na kupangwa kwa mistari kama mahindi. Febronia alijengewa nyumba na jiko kama wengine, na jiko lile halikupata weusi ukutani. Kiberiti sasa kiliuzwa kila duka. Jirani mpya, asiyejua habari, alimletea kimoja. Akapokea, akashukuru, akamwaga njiti, akampa mtoto mmoja kasha lake achezee.

Halafu wakaja sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na desturi ya zamani ikafufuka kwa nguvu. Mwizi wa ng'ombe kijiji cha pili alitengwa. Hakuuziwa chumvi, hakupewa moto, hakujibiwa salamu, na haukupita muda akaja mwenyewe na fahali, analia. Kijiji kilishangilia. Febronia alisimama pembeni akatazama wakila kwa yule mwizi, wakicheka na kulamba vidole, akaona kwamba dawa haijaharibika hata kidogo. Inaponya vilevile kama ilivyomponya Mageni. Na hilo lilimuumiza kuliko kama ingekuwa imeharibika.

Bujiku, mzee sasa, alimwona pale amesimama. Siku chache baadaye alikuja kwake na wazee wenzake, kila mtu na kigoda chake.

"Shemeji," alisema, "nani amekutenga?"

"Hakuna."

"Basi nani atakufungulia, kama hakuna aliyekufunga? Sisi tumekaa, tumeona inatosha. Pika. Tutakula kwako, na liishe. Bega hili ni langu, na nilikula. Na wewe kubali."

Kwa ajili ya lile bega, Febronia alikubali. Alikwenda nyumba ya pili na kigae, na jirani akampa makaa mengi kuliko aliyoomba, akifurahi. Aliyatafuta mawe matatu. Alichinja kuku aliyekuja naye Bujiku, akasonga ugali wa udaga, na mikono yake ilikuwa bado inajua. Harufu ya mchuzi ilitoka katika nyumba ile kwa mara ya kwanza, na wanawake wa mstari mzima walisimama milangoni. Akaweka chakula mbele ya wazee. Akapiga magoti kwa shida, akawanawisha mmoja mmoja, Bujiku akiwa wa mwisho, mkono wake mzima tu.

Bujiku akanyoosha mkono kwenye sahani. Febronia akaivuta.

"Mkila," alisema, "mtakuwa mmesema limeisha."

"Limeisha, shemeji. Ni miaka mingi."

"Hata wale walikula, nikasema limeisha."

"Sisi si wale!"

"Najua. Nyinyi mngekula kwa kweli. Ndiyo maana siwezi kuwaacha mle. Nani amelikubali kosa? Nani ametoa fahali? Waliomchukua Justa wako wapi, na Melania yuko wapi, mpaka watu wakae hapa walambe vidole?"

Febronia alijiinua, akabeba sahani zote mbili mpaka nyuma ya nyumba, akazimwaga kwa mbwa. Wakamsikia akichota maji, wakasikia moto ukilia jikoni na kunyamaza. Bujiku aliomba ashikwe mkono asimame. Waliokota vigoda vyao wakaenda, njaa tumboni, mikono yao bado ina maji.